Siku Tuliyojadili Njia ya Pili ya Umeme

Nilikuwa mchumi katika ofisi inayodhibiti umeme. Kazi yetu ilikuwa kumpangia mwenye nyaya kubwa, zile zinazoleta umeme kutoka pwani ya Fumba hadi mjini, mapato anayoruhusiwa kukusanya kwa miaka ijayo. Akiruhusiwa mengi, bili za watu zinapanda. Akibanwa sana, nyaya zinachakaa. Nilikuwa nikiifanya kazi hiyo kwa utulivu mpaka mama yangu alipougua mapafu.

Alikuwa akiishi Jang'ombe na mashine ya oksijeni iliyochomekwa ukutani. Umeme ukikatika, ulikuwepo mtungi mdogo pembeni, na mtungi haudumu.

Mwaka huo kampuni ya nyaya iliomba iruhusiwe kujenga njia ya pili, ili ya kwanza ikiharibika mji usizime. Gharama zingeingia kwenye bili kuanzia siku ya kwanza ya ujenzi. Nikapewa mimi niandike mapendekezo. Kila nilipokaa kuandika nilisikia ile mashine ikivuma kichwani. Nikiandika "wakubaliwe," niliogopa kwamba nawatwisha watu wa kisiwa kizima gharama ya pumzi za mama yangu. Nikiandika "wakataliwe," nilifuta palepale.

Nikamwendea mwenyekiti wetu, mzee mpole asiyependa maneno mengi. Nikamweleza hali ya mama.

"Basi usipendekeze wala usipige kura," alisema. "Lakini kwenye mkutano wa wananchi uje, uwaeleze watu hesabu zilivyo."

Mkutano ulifanyika Mji Mkongwe, asubuhi, ukumbi umejaa. Nilipomaliza kueleza, akasimama bibi mmoja wa Mpendae, muuza barafu.

"Mwanangu, hiyo njia ipo?"

"Bado, Bi. Itajengwa."

"Sasa mnatulipisha kitu hakipo? Na wakishazila hizo pesa wasijenge, mimi nnakwenda kumshika nani?"

Watu wakapiga makofi. Mara mapangaboi ya ukumbini yakapunguza mwendo, yakasimama: umeme umekatika. Wengine wakacheka. Mimi nilimpigia mama simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, vilevile.

Sikuaga mtu. Nilipita vichochoroni mbio, pindo la buibui nimelishika mkononi, nikavuka Darajani hadi Jang'ombe. Kila duka nililopita lilikuwa giza ndani, na kila giza lilinizidishia hofu. Nilishaanza kumsomea dua za maiti, nikajikataza, nikaanza tena.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani yake alikuwa amepiga magoti, anahangaika na koki ya mtungi iliyokwama. Midomo ya mama ilikuwa rangi ya zambarau. Tukaikamata koki wote wawili, ikatoa mlio, hewa ikaanza kupita.

"Mama! Mama, wanisikia?"

Akafumbua macho. Halafu, kwa sauti ndogo: "Naam. Mbona wahema kuliko mimi?"

Nililia nimeukumbatia mtungi. Umeme ulirudi kabla mtungi haujaisha.

Wajumbe wa bodi waliamua bila mimi. Njia ya pili ikakubaliwa, lakini kampuni isitoze hata senti mpaka umeme upite humo. Na ikiuzimisha mji kupita kiwango kilichowekwa, mapato yake yakatwe. Yule bibi wa barafu alikuwa amesikilizwa. Niliiona ni haki, na niliiogopa, maana sasa kampuni ilibidi itafute mtaji wake kwanza, na anayetumia mtaji wake ana hiari ya kuacha kujenga.

Haikuacha. Nguzo zilianza kusimama mwaka uliofuata. Mama hakuziona zikikamilika. Alifariki mchana mmoja, umeme upo, mashine inafanya kazi vizuri, mimi nimemshika mguu. Mwenyekiti alikuja mazikoni. Aliniuliza kama niko tayari kurudi kwenye mafaili ya nyaya, nikamwambia bado; ile mashine ilikuwa ingali inavuma kichwani.