Maharage ya Kumsenga Ambayo Sikutaka Kuyapika

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kila ninapochagua maharage. Nilikuwa msichana mbichi kutoka Kibondo, nimepata kazi Dar es Salaam katika idara ya manunuzi ya kampuni yenye maduka makubwa. Sisi ndio tulioamua bidhaa ipi iingie dukani na ipi irudi ilikotoka. Wenzangu walinitania, "Wewe Muha, lini utatujazia maharage ya kwenu?" Nilicheka nao, lakini moyoni niliogopa.

Ndipo akaja Mama Nestoria, wa kikundi cha akina mama wa Kumsenga, kule kwetu Kibondo, na sampuli ya maharage ya njano. Safari yote ile ya basi! Alinisalimu kwa Kiha, uso umechangamka. Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa Kiswahili cha ofisini kwamba tumeshapata wauzaji wengine. Uongo mtupu. Kila sampuli tulitakiwa kuipika na kuionja kabla ya kuamua. Yake hata sikuifungua.

Mkuu wetu, Bi Zulfa, binti wa mwenye duka wa Kasulu, jirani na kwetu, alinisikia. Mama yule alipotoka, akaniuliza, "Umeyaonja?"

"Hapana, Bi Zulfa. Ni mtu wa kwetu, watu watasema nampendelea."

"Waache waseme. Kumpendelea mtu kwa kuwa ni wa kwenu ni dhuluma, na kumkataa kwa kuwa ni wa kwenu ni dhuluma ileile. Mkimbilie!"

Nilimkuta getini. Nikamwomba radhi, safari hii kwa Kiha. Tukayapika, tukayaonja. Yalikuwa matamu, ila yana changarawe, tukayakataa. Nikamweleza sababu, nikidhani atalia.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa nina neno la kuwapelekea wenzangu."

Msimu uliofuata walirudi na maharage safi, tukayanunua. Sijui nani alifurahi zaidi, wao au mimi.

Bi Zulfa ametangulia mbele ya haki, na sijaacha kumshukuru. Nawe unaanza kazi ileile, basi nisikilize. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini hawakusema ubebe wa kwenu hata wakikosea. Onja kwanza. Ukikataa, mwambie mtu sababu, maana hiyo ndiyo atakayoanzia kesho.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkubwa atakayekukemea mapema, uliyemkosea akiwa bado hajafika mbali.