Paswedi ya Mama Edmund

Kunegunda, ambaye mtaa mzima wa Bombambili unamwita Mama Edmund, hakuwahi kuomba intaneti. Aliyeitaka ni mwanawe, huko Mwanza anakofanya kazi, ili amwone mama yake kwenye simu siku za Jumapili. Fundi Salum akavuta waya kutoka nguzoni, akafunga modemu sebuleni, akaweka rauta juu ya kabati la vyombo, taa zikawaka. Kabla ya kuondoka akamwonyesha mama namna ya kuweka paswedi kwa kutumia simu yake.

Tangu mumewe afariki na watu wa msiba watawanyike, nyumba ile ilikuwa kimya hadi Kunegunda akachoka kusikia kijiko chake mwenyewe. Basi majirani walipopata habari kwamba kwa Mama Edmund kuna waifai, wakaanza kupiga hodi.

"Shikamoo, bibi. Tunaomba paswedi."

Kwake mgeni haondoki hivihivi. Kila aliyekuja alikalishwa, akamiminiwa togwa, akaulizwa habari za watoto na za shamba, ndipo akatajiwa. Usiku Kunegunda alilala na raha aliyokuwa ameisahau.

Maskini, alidhani watarudi kila siku kuuliza. Hakujua kwamba simu ikishapewa paswedi haiisahau. Kesho yake hodi haikusikika. Watu walikuwa nje, wamekaa chini ya ukuta wake, macho kwenye simu, na togwa ikachachuka ndooni.

Akafanya ujanja. Kila asubuhi akawa anabadilisha paswedi. Wakarudi, wakakaa, wakanywa, naye akajiona mtu tena. Mpaka Lukresia, jirani wa nyumba ya pili, uvumilivu ulipomwishia.

"Mama Edmund, kila siku paswedi mpya, kwani tunakuibia? Kama hututaki si useme tu."

"Nawataka," Kunegunda akajibu. "Ndiyo maana naibadilisha. Mkishaijua hamji."

Lukresia akainamia kikombe chake. Akanywa yote, akaaga kwa upole, akaahidi kuja hata bila shida. Pengine alikusudia kweli. Lakini habari ikazunguka mtaani, watu wakaona haya, wakarudi kununua vifurushi vyao. Hakuna aliyebisha hodi tena. Hata pale ukutani pakabaki patupu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana zamani angalau sauti zao zilimfikia.

Alijikaza siku kadhaa. Kisha akachukua simu, akafuata yale aliyofundishwa na Salum, akaiondoa paswedi kabisa. Akamwita Lukresia kupitia uani.

"Waambie wenzako iko wazi. Hakuna haja ya kuingia ndani."

Jioni wakarudi ukutani, mmoja mmoja. Kunegunda akafunga pazia, wasije wakamwona wakaondoka. Akasogeza kiti mpaka dirishani, akakaa kuwasikiliza wakicheka.