Ufa Nyuma ya Jiko

Juzi, njiani kwenda Mlalo, niliona ufa mrefu katika shamba la kabichi juu ya nyumba ya watu, nikasikia tena harufu ya udongo mbichi wa nyumbani kwetu Vuga.

Nilikuwa mtoto wakati huo, na mvua ilikuwa haijakatika kwa siku nyingi. Nyuma ya jiko, upande wa mlimani, niliona ardhi imepasuka, nikadhani ni njia ya fuko. Nikachukua ndoo ili nimtoe kwa maji.

"Fuko gani huyo, mwenye barabara ndefu hivi?" Bibi alinicheka, kisha akainama kuutazama ule ufa. Akakimbilia chumbani kwa mama, aliyekuwa na kichanga.

"Mama, mzazi hatolewi mvuani," mama alilalamika.

"Leo anatolewa. Inuka!"

Nililia, nikiamini Bibi anamfukuza mama. Sikujua kuwa mlima ukipasuka juu ya nyumba, hungoji kuona zaidi. Tulikwenda kando, si bondeni, hadi kilima cha pili.

Mlima ukanguruma kama lori linalomwaga mawe. Migomba iliteremka ikiwa bado imesimama, jiko likafuata, halafu nyumba. Mama alimziba mtoto masikio kwa viganja, na hata kulipokuwa kimya hakuviondoa.