Pamba Ndani ya Kopo la Dawa

Kila kopo la dawa la Dative lilikuwa na pamba ndani. Aliikunja mwenyewe akaishindilia juu ya vidonge, ili visigongane akipanda pikipiki kutoka kituo cha afya. Goma ni mji wa masikio: ukipiga chafya mtaa wa Birere, unapewa pole mtaa wa Lac Vert kabla hujafuta pua. Na vidonge vya virusi vya ukimwi vina mlio ambao kila mtu anaujua na kila mtu anajifanya haujui.

Ujanja wa pamba alifundishwa na dada yake, Julienne, mwaka ule Dative alipofiwa na mume akarudi kutoka Masisi amebaki mifupa. Julienne alimpokea kwake, akamtafutia meza ya kuuzia maharage Birere, akaitunza siri yake wasiijue hata watoto wa nyumba. Volkeno ilipolipuka na watu wakakimbilia Sake, Julienne aliacha masufuria yake yote, lakini kopo la mdogo wake alilifunga kiunoni ndani ya kitenge. Kwa hiyo msinishangae nikisema Dative alimwamini. Mtu wa namna hiyo usipomwamini, utamwamini nani?

Huko Sake vidonge viliisha, na waliporudi mjini mwili wake ulikuwa umelegea. Baadaye chanjo ya korona ikafika kituo cha afya. Uani kulikuwa na mistari miwili, mbele ya macho ya wapita njia: mmoja wa wazee, mwingine wa wenye magonjwa ya kudumu. Mwanamke wa umri wa Dative kusimama kwenye ule wa pili ilikuwa sawa na kujitangaza sokoni. Akaona haya. Akamwomba Julienne, aliyekuwa anakwenda kuchanjwa pamoja na wazee wenzake, amuulizie muuguzi Viateur, yule anayempa dawa zake.

Julienne alirudi ameushika mkono uliochomwa sindano.

"Muganga anakatala," alisema. "Anasema ile chanjo itapigana na dawa yako. Inaweza kukuua."

"Basi, yaya," Dative alimjibu dada yake mkubwa. "Aksanti juu ulienda."

Korona ilimkamata Dative mwishoni mwa mwaka. Alidhani ni mafua ya vumbi tu, mpaka siku moja sokoni akashindwa kuinua bakuli la maharage. Alifikishwa hospitali akihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, akawekewa oksijeni, na kwa muda mrefu hakujua kama atatoka humo kwa miguu yake. Wenzake wa vitanda vya jirani, wengine hawakutoka. Alijiliwaza kwamba hapakuwa na njia nyingine: chanjo nayo ingemuua.

Alipoanza kunywa uji bila kulishwa, Viateur alikuja kumwona, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama Dative, juu ya nini ulikatala chanjo? Nilikungoja."

"Mi sikukatala, muganga. Ni weye ulisema itaniua."

"Nilimwambia dada yako akulete kesho yake, hata kwa mulango wa nyuma, batu basikuone. Nilisema unaihitaji kuliko yeye."

Dative akageukia ukutani. Hakulia. Kifua kilimbana kuliko siku za oksijeni, na safari hii hayakuwa mapafu.

Nyumbani, Julienne hakukana. Alikuwa anachambua mchele wa wageni, maana binti yake Umuhire alikuwa ameposwa tangu kabla ya chanjo kufika, na nyumba ya wakwe inatazamana na kituo cha afya.

"Bangekuona," alisema bila kuinua uso. "Mama mukwe wake, Mama Nyirakamana, anashinda pale ku mulango. Bangesema sisi ni jamaa ya bagonjwa. Nilitaka ungoje kidogo tu, ndoa ipite."

"Hukuniambia ningoje. Uliniambia nitakufa."

Julienne akaendelea kuchambua.

"Ungeniomba, yaya, ningengoja. Umuhire nilimubeba ku mugongo. Juu yake ningengoja."

Hilo ndilo lililomchoma, nami namwelewa. Maisha yake yaliwekwa rehani na mtu aliyempenda, na hakuombwa hata ruhusa.

Alipopata nguvu Dative alikwenda kuchanjwa, akasimama kwenye mstari wa pili, kichwa juu. Siku wakwe walipokuja kupanga tarehe, Julienne alimwomba akae chumba cha nyuma na kikohozi chake. Dative akaketi kitandani, akafungua kopo, akachomoa pamba yote. Kisha akaingia sebuleni, vidonge vikilia kila hatua, akakaa katikati ya wageni.

Wageni walikuwa kwenye habari ya ng'ombe wa mahari. Mama Nyirakamana, mama wa bwana harusi, alilitazama kopo.

"Umuhire," alisema, "letea mama yako mudogo maji ya kunywea dawa."

Halafu akarudi kwenye habari ya ng'ombe.

Dative alimeza. Alikuwa amedhani atafurahi kumwaibisha dada yake. Badala yake yale machozi ya hospitalini yakamshuka sasa, mbele ya watu. Alikaribia kufa kwa sababu dada yake alimwogopa mwanamke huyu, ambaye hakuuliza hata swali.

Julienne akanyoosha mkono alichukue kopo akalihifadhi, kama alivyofanya miaka yote. Dative akalifunika kwa kiganja.