Mayai ya Jumapili na Baba Yangu

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa upishi, katika nyumba ya mwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Jumapili wenye nyumba wakirudi kanisani hawakutaka kiamsha kinywa wala chakula cha mchana. Walitaka kitu cha katikati, saa tano hivi, na kwenye meza hiyo chakula kimoja hakikukosekana. Kilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo mpaka leo sina haja nalo. Sisi jikoni tulikiita mayai ya Jumapili.

Unachukua mkate mdogo wa duara, unaukata katikati na kuuchoma kidogo. Juu yake unaweka kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Juu ya nyama unaweka yai lililopikwa majini bila ganda, likiwa jeupe nje na kiini chake bado kinatembea ndani. Halafu unamwagia mchuzi mzito wa siagi, viini vya mayai na ndimu. Mchuzi huo ni mjeuri. Ukiupa moto kidogo zaidi unakatika na kuwa kama maziwa yaliyoganda. Nimeumwaga mara nyingi nikiwa mwanafunzi wa mpishi mkubwa, lakini nilipoushika, niliushika. Sijisifu. Wageni wa Nairobi walikuwa wakiuliza nani amepika, na memsahibu alikuwa akinyoosha kidole mlangoni, nami nasimama pale na aproni yangu nyeupe kama bwana harusi.

Baba yangu hakuipenda kazi hiyo hata siku moja. Kwetu, mwanamume hakai mekoni. Yale mafiga matatu ni ya mwanamke, na kigoda kilicho karibu nayo ni chake. Mwanamume hukaa kwake, na chakula humfuata huko. Watu wakimuuliza mwanawe anafanya nini, baba alijibu, “Iko Ruiru, kwa kahawa.” Hakusema uongo. Kahawa ilikuwa pale, imezunguka nyumba pande zote.

Kisha, miaka ya hamsini, serikali ya mkoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Baba akachukuliwa, akapelekwa kizuizini mbali na kwetu. Mama alifariki baba akiwa huko. Sisi wengine tulihamishiwa kijijini, juu ya Thika, nyumba zikiwa zimebanana na mtaro umezunguka. Mke wangu aliishi huko, mimi nikija kwa baiskeli nikipewa ruhusa.

Baba aliachiliwa mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Nilikwenda kumpokea nikampita, sikumjua. Alikuwa amebaki mifupa na macho, na meno ya mbele hayakuwepo. Ndiye aliyeniita. Mwaka huo bahati iliniangukia upande mmoja: wenye shamba walikwenda Ulaya kwa likizo ndefu, nyumba ikafungwa, nikaambiwa nikae nyumbani hadi wakirudi. Kwa hiyo nilikuwepo siku baba alipoanza kukataa chakula.

Alikataa uji, na hilo tulilielewa. Nani hajui walikula nini kule. Lakini alikataa pia githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, maana mahindi yalimshinda ufizi, na alikataa viazi baada ya vijiko viwili. Hakuwa na ugomvi. Alisukuma sahani polepole, akashukuru, akageukia ukutani. Bwana wa dispensa, ile zahanati ya kijiji, alimkagua mgongo na mbavu, akaniambia nje, “Huyu mzee hana ugonjwa mwingine. Hajakula. Mpatie maziwa, mayai, nyama laini. Asipokula hamtakuwa naye mvua ikianza.” Alisema hivyo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stesheni. 

Mayai tulikuwa nayo. Mke wangu alifuga kuku na kuuza mayai kwenye duka la Mhindi mjini Thika. Tatizo ni kwamba wanaume wa rika la baba hawakula kuku wala mayai. Hakuna aliyewaandikia sheria, ila mzee akionekana na yai mdomoni angechekwa hadi kaburini. Mayai yalikuwa ya watoto, ya wageni na ya kuuzwa. Mke wangu alimpelekea moja la kuchemshwa, akarudi nalo.

“Amesema yeye si mtoto,” akasema.

Ndipo nikaamua kuingia mekoni. Mke wangu alinitazama nikikunja mikono ya shati, akashika kiuno. “Haiya! Na akikuona?”

“Atanionaje na hawezi kutembea? Wewe ndiye utampelekea. Sema umepika wewe.”

“Mimi napika hii maneno ya Wazungu?”

“Sema ni dawa ya dispensa imewekwa kwa chakula.”

Mkate wa duara sikuwa nao, na nguruwe hakuna ambaye angemgusa. Nilichemsha ngwaci, hivyo viazi vitamu vyetu, nikakata kipande kinene nikakikausha kidogo kwenye sufuria kavu. Badala ya siki tuliyotumia Ruiru nilikamulia ndimu majini ili ute wa yai usitawanyike. Nilivunjia yai kikombeni kwanza, nikaliteremsha taratibu kwenye maji yanayotaka kuchemka lakini hayajathubutu. Siagi haikuwepo, nikatumia samli ya dukani. Moshi uliniingia machoni, figa moja lilikuwa limeinama, na mchuzi wa kwanza ulikatika. Wa pili ukashika. Mke wangu alichovya kidole, akachovya tena.

Alipeleka sahani kibandani kwa baba. Nilijificha nyuma ya ukuta nikisikiliza kama mwizi.

“Nini hii ya manjano?” baba aliuliza.

“Ni dawa, baba.”

 Halafu nikasikia kijiko kikigonga sahani, kikagonga tena. Sahani ilirudi ikiwa imepanguswa. Niliishika mikononi nikaitazama kama mtu aliyeletewa barua ya kupandishwa cheo.

Kuanzia hapo nilikuwa sishikiki. Ngwaci zilipomchosha, niliponda irio, mahindi mabichi na njegere na viazi na majani ya malenge, nikaviringa kama chapati nene, nikakaanga hadi vikawa na ngozi, nikaweka yai juu. Siku nyingine ilikuwa nduma, yaani magimbi, na mboga ya terere iliyokaangwa na kitunguu. Tukipata ini la mbuzi, nilikata vipande vidogo sana na kuviweka pale ambapo Ruiru ningeweka nguruwe, na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Samli ilipokwisha nilipondaponda parachichi lililoiva kabisa na ndimu na chumvi, nikalichapa kwa uma mpaka likawa laini. Mchuzi ule ulikuwa wa kijani na haukukatika kamwe. Nilijiuliza kwa nini Wazungu wanajitesa na siagi.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Tulikuwa Thika, nanasi zipo, nami nikajiona fundi. Nilikaanga mduara wa nanasi nikaweka yai juu yake. Sahani ilirudi jinsi ilivyokwenda. “Amesema usichezee mtu mzee,” mke wangu akaniambia, huku akila nanasi.

Baba alijua anakula mayai. Hakuna mtu anayekula kiini kila asubuhi asijue ni kiini. Lakini neno dawa lilimpa pa kujificha, na sisi tulimwachia hapo hapo. Mashavu yakaanza kurudi. Alianza kuketi nje juani. Akamsifu mke wangu mbele ya majirani, akasema mwanawe ameoa vizuri, na mke wangu akaja mekoni akiwa ameinua kidevu. “Nimeoleka vizuri, umesikia? Lete maji.” Nilicheka, lakini moyoni nilichomwa kidogo. Miaka yote ile nilitaka baba anisifu kwa kitu kimoja, na sasa alikuwa akikisifu kitu hicho hicho huku akimtazama mtu mwingine.

Mayai yangu ndiyo yaliyompa miguu ya kuja kunishika. Asubuhi moja mke wangu alichelewa mtoni. Nilikuwa nimeinama juu ya mafiga, kanga yake nimeifunga kiunoni kama aproni, nikichapa mchuzi na kupuliza moto kwa zamu. Mwanga wa mlangoni ukapungua. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama na fimbo yake.

Alinitazama, akatazama mwiko, akatazama kanga.  Aligeuka akaondoka, fimbo ikigonga ardhi, na mchuzi ukakatika mkononi mwangu.

Siku hiyo hakula. Kesho yake hakula. Mke wangu alipika mwenyewe, na alikuwa ameshajua vizuri kwa kunitazama. Yai lake lilitoka zuri kabisa. Baba akalirudisha. Mke wangu akaweka sahani chini kwa nguvu. “Nyinyi wawili mna kichwa ngumu moja tu, mmegawana,” akasema. “Enda umwambie kitu.”

“Nimwambie nini? Kwamba mimi ni mpishi? Anajua.”

Niliogopa kweli. Mashavu yale niliyoyajenga kijiko kwa kijiko nilianza kuyaona yakiingia ndani. Nilijiambia kama angekufa, angekufa kwa aibu ya kulishwa na mimi, na mvua ilikuwa karibu. Nilikasirika pia. Wageni wa Nairobi walikuwa wakiniita mlangoni wanishukuru, na mtu aliyenizaa aliona afadhali kufa njaa.

Asubuhi iliyofuata niliingia mekoni mapema kuwasha moto kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Nikasikia fimbo. Safari hii haikuishia mlangoni. Baba aliinama, akapita, akaketi kwenye kigoda cha mke wangu kando ya mafiga. Sijawahi kuona jambo kama hilo. Nilibaki nimeshika kuni.

“Wewe unafikiri nimekasirika kwa sababu unapika,” akasema.

“Si ndiyo, baba?”

Alitazama moto. “Kule kambini walinipatia mwiko,” akasema. “Mwiko mrefu kama jembe. Mimi ndio nilikuwa nakoroga uji ya watu wote, kwa pipa. Asubuhi na jioni, miaka yote hiyo. Saa ingine unga iko na wadudu, nakoroga tu. Wanaume ya rika yangu wanapita na bakuli, wananiangalia hivi, wanaenda. Sijaambia mtu. Hata huyu bibi yako sijaambia.” Akasukuma kuni kwa ncha ya fimbo. “Sasa nakuja hapa nakuta wewe umeinama kwa moshi, umefunga nguo ya bibi. Nilijiona mimi.”

Nilipanga kuni. Siku mbili hizo nilikuwa nimebeba aibu yake, nikidhani ni yangu.

“Lakini wewe hukulazimishwa,” akasema.

“Hapana. Napenda.”

“Unapenda.” Alilirudia neno hilo kama kitu alichokiokota njiani. “Mimi hakuna siku mtu aliniambia imekuwa tamu. Hata moja.”

Maji yalikuwa yameanza kutoa vitone chini ya sufuria. Nilichukua yai nikataka kulivunjia kikombeni, naye akanyoosha mkono.

“Leta.”

“Baba, pole pole, hiyo inataka—”

“Leta, nimesema.”

Nikampa. Hakutumia kikombe. Alilivunja yai kwenye ukingo wa sufuria, akaliangusha kutoka juu, ute ukatapakaa majini kama matambara. Ganda kidogo likaingia.  Alichukua mwiko akaanza kukoroga, mviringo mkubwa, kwa bega lote, jinsi unavyokoroga pipa. Hakuna yai duniani linaloweza kustahimili hivyo. Aliendelea hadi maji yakachemka kabisa, kisha akaanza kuvua vipande kimoja kimoja na kuviweka kwenye sahani. Hapakuwa na ngwaci, hapakuwa na mchuzi. Chumvi alisahau.

Nilidhani anakitayarisha ale. Badala yake alinisogezea sahani.

“Kula.”

Mwanamume wa rika lake alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mwanamke, amempikia mwanawe, na macho yake hayakuondoka mdomoni mwangu. Nilichukua kipande. Kilikuwa kigumu kama mpira wa baiskeli na kilikuwa na ganda ndani. Nilikitafuna, ganda likilia menoni, nikakimeza. Nikachukua kingine, na kingine, mpaka sahani ikaisha. Machozi yalikuwa yakinitoka, na moshi haukuwa mwingi kiasi hicho.

“Ni tamu, baba,” nikasema.

Alitazama ile sahani tupu. Akapangusa uso kwa kiganja, mara moja, kwa haraka.

“Haya, usiniongopee,” akasema. “Sasa pika yako, nina njaa.”