Nilivyokwama Mlangoni mwa Choo Mbele ya Wageni

Aibu hii nilitaka kuifukia, lakini kwa kuwa kijiji chetu kizima cha Kipungani kinaijua na picha zimefika hadi Shela, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Miguu yangu haifanyi kazi tangu utotoni, kwa hivyo serikali ilipotoa fedha za kuwajengea walemavu nyumba zinazowafaa, jina langu likaandikwa, na muda wote wa ujenzi hakuna aliyekuja kuniuliza hata kiti changu cha magurudumu kina upana gani (na mimi nipo hapo hapo nasuka mikeka, siendi popote). Siku ya kukabidhiwa, afisa wa mradi, bwana mmoja wa bara mwenye adabu nyingi, akanipa karatasi nitie sahihi kwamba nyumba nimeikagua na nimeridhika. Sikuwa nimeikagua. Lakini wageni walishafika, maji ya bahari yalikuwa yameanza kutoka na boti isingewangoja, nami nikaona haya kuonekana sina shukrani, nikatia sahihi.

Kisha nikapewa kipaza sauti, na mdomo wangu huu ukasema nyumba imenikaa kama nguo ya kupimwa, watu wakapiga makofi, na afisa akataka nipigwe picha nikiingia chooni, maana choo ndicho walichojivunia zaidi. Mlango wa mbele tukapita vizuri. Kufika kwenye choo, Bi Zuhura, jirani yangu anayenisukuma, akaninong'oneza kwamba mlango ule ni mwembamba. Nikamwambia asukume. Akasukuma kwa nguvu zake zote, magurudumu yakabanwa na fremu, si mbele si nyuma, buibui langu likanaswa na kupasuka hadi gotini, na mimi nimewapa wageni mgongo kama gunia. Ikabidi wanaume wawili waing'oe fremu kwa nyundo, huku watu wakicheka na simu zikinipiga picha.

Kicheko ningekistahimili. Ila afisa aliinama akasema kwa upole, "Pole, Bi. Kumbe umekuja na kiti kikubwa."

Damu ikanichemka. Kipaza sauti kilikuwa bado mapajani mwangu, kwa hivyo kijiji kizima kilisikia nilivyomjibu.

"Bwana, kiti hiki ndiyo miguu yangu, na fedha hizi zilitolewa kwa ajili yake. Nyinyi mumejenga nyumba ya mtu anayetembea, kisha mukatafuta mlemavu wa kupiga naye picha."

Nikaidai karatasi yangu, akasema imeshaingia kwenye faili. Nikakataa funguo, nikarudi kwangu nikalia kwa hasira, nyingi yake nikijikasirikia mwenyewe. Baada ya mwezi walimrudisha fundi, akapanua milango yote, nikahamia, lakini faili mpaka leo linasema niliridhika siku ile.

Sasa wanajenga nyingine kijiji jirani cha Matondoni, ya bwana mmoja asiyeona. Nimempelekea salamu kwamba asitie kidole kwenye karatasi yoyote mpaka apapase kila ukuta na kila kizingiti kwa mikono yake, hata ikiwachukua wageni kutwa nzima kumsubiri juani. Mimi nimeapa: simshukuru tena mtu kwa haki yangu kabla sijaiona.