Nilisoma Masomo ya Binti Yangu kwa Jina Lake

Admin, nifiche tafadhali. Wenzangu wa huu ukurasa, habari zenu. Huku kwangu Sarang'ombe, Kibera, tunashukuru Mungu. Mama mkwe mgongo unamsumbua lakini anakula. Kijana wangu wa darasa la sita yuko sawa. Wale watoto saba wa watu ninaowalea mchana wana mafua wote, lakini wanacheza. Mwenye shida ni binti yangu mkubwa, nitamwita Mercy, na shida yake ni mimi.

Nina miaka arobaini na tatu. Shule niliachia darasa la nne. Niko na bebikea hapa nyumbani, kina mama wakienda vibarua wananiachia watoto. Hakuna aliyenifundisha hiyo kazi, nilijifunzia kwa wangu na wa majirani. Mercy alipomaliza sekondari akapata nafasi ya kusomea ulezi wa watoto kwa simu. Simu nyumbani ni moja, yangu. Darasa ni saa tatu asubuhi.

Siku ya kwanza jina lake likaitwa akiwa anabadilisha mtoto nepi. "Mathe, nishikie hapo kidogo!" Nikashika simu. Mwalimu akauliza, mtoto akilia mamake akimwacha, utafanyaje? Nikabonyeza, nikatuma sauti: "Mimi namwambia mamake aache leso. Mtoto akisikia harufu ya mamake anatulia." Mwalimu akasema, "Mmemsikia Mercy? Hivyo ndivyo nataka."

Wenzangu, tangu nizaliwe mwalimu hajawahi kunisifu. Shuleni nilikuwa nafukuzwa sababu ya yunifomu. Kwa simu hakuna anayeona umevaa nini ama una miaka mingapi. Usiposhika kitu unarudia, na haikuiti mjinga.

Mercy alipomaliza na mtoto akauliza, "Wamesema nini?" Nikamwambia, "Masomo yamesimama kwanza, watatuita." Sijui huo uongo ulitoka wapi. Miezi mitatu kila saa tatu namwachia watoto wote saba, naingia nyuma ya pazia na earphone masikioni, namwambia naongea na watu wa kanisa. Yeye anapika uji, anaogesha, anabembeleza. Mimi najibu, "Nipo, mwalimu."

Juzi ujumbe ukaingia Mercy akiwa ameshika simu. Mercy ndiye bora wa darasa, anaitwa Jumatatu shule ya chekechea huko Gatina, Kawangware, waongee naye uso kwa uso wampe kazi. Akausoma kwa sauti, akashangaa. Akarudi nyuma kwenye simu kusoma ujumbe wa zamani wa darasa. Mimi nilidhani zile sauti zikishasikizwa zinapotea kama redio. Kumbe zote ziko pale. Akazisikiza moja baada ya nyingine, mtoto wa watu amelala mgongoni mwake.

"Mathe, kumbe ni wewe."

Nikasema, "Nilikuwa nakushikia nafasi."

"Ulinishikia ama ulinikalia?"

Hajaniongelesha tena. Lakini jana asubuhi mtoto mgeni alilia sana mlangoni. Kabla nifungue mdomo, Mercy alikuwa ameshamwambia yule mama, "Acha leso yako, auntie." Mtoto akanyamaza. Hakujifunza hilo kwa simu. Alikuwa ananiangalia miaka hiyo yote. Kazi anaijua, tena mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Lakini yale mengine ya darasani, majina ya hatua za ukuaji, hajui hata moja, na mwalimu anajua sauti yangu, si yake.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Ule ujumbe uliposomwa, kabla nikumbuke ni wa mtoto wangu, moyo wangu uliruka kama ni mimi nimeitwa.

Nikimpigia mwalimu niseme ukweli, naogopa watamnyima kazi. Nikinyamaza, namtuma mtoto wangu akadanganye kwa niaba yangu. Nishaurini kina mama na nyinyi vijana, hata mkinitukana nitasoma. Jibuni leo, Jumatatu ni kesho kutwa na bado hajapiga nguo pasi.